Junipa ya kutambaa: mbegu, vipandikizi au kulaza tawi?

Mpandaji_Mgeni: Wakuu, nina junipa moja ya kutambaa (kile kichaka cha kijani kinachotandaa ardhini) na nataka miche kama 30 ya kufunika mteremko wa bustani. Nimeshaokota vijitunda vyake vya bluu. Nioteshe mbegu, nikate vipandikizi, au nilaze matawi udongoni yatie mizizi yakiwa bado kwa mama?

Kitalu_Kidogo: Mbegu sahau. Ganda ni gumu, zinataka miezi ya baridi na unyevu ndipo ziamke, na nyingine huchomoza mwaka wa pili. Hata zikiota hazitafanana na mama: huu utatambaa, ule utasimama. Mteremko utakuwa kama kichwa kilichonyolewa gizani.

Bi_Majani: Kwa miche 30, vipandikizi. Chagua vitawi vya msimu huu vilivyoanza kuwa kahawia shinani, sentimita 10 hadi 15. Vuta kuelekea chini ili kitawi kitoke na kisigino, yaani kipande kidogo cha tawi mama. Ondoa majani ya chini, chovya kwenye homoni ya mizizi, chomeka kwenye mchanga wa chembe kubwa. Mbolea hapana. Funika kwa nailoni, weka penye mwanga lakini jua lisivipige moja kwa moja.

Mpandaji_Mgeni: Nilijaribu mwaka jana. Vilikaa kijani miezi miwili, halafu vyote vikafa ghafla!

Bi_Majani: Vilikufa zamani. Junipa ni mwongo, kitawi kilichokufa hubaki kijani wiki kadhaa. Ulimwagilia mara ngapi?

Mpandaji_Mgeni: Asubuhi na jioni.

Bi_Majani: Basi vilioza. Unyevu uwe hewani, mchangani uwe wa kiasi tu. Mizizi huchukua miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Na usivivute kuchungulia (najua ulivuta).

Mpandaji_Mgeni: Nilivuta 😅

Mzee_Bustani: Mnamtesa bure. Junipa ya kutambaa hujitia mizizi yenyewe. Kijana, inua matawi yaliyogusa udongo uone. Lisilo na mizizi, likwaruze gome upande wa chini, lifukie, ligandamize kwa jiwe, ncha ibaki nje. Mama atalilisha, baada ya mwaka hivi ndipo ulitenganishe. Kwa mti mmoja hupati 30, lakini huu mche haukufii mkononi.

Kitalu_Kidogo: Naongezea: ukikata usiingie sehemu ya ndani isiyo na majani. Pale hapachipui tena, utabaki na upara.

Mpandaji_Mgeni: Nimetoka kuinua. Manne yana mizizi tayari! Hayo nayahamisha, 26 iliyobaki nitaitafuta kwa vipandikizi vya kisigino. Nailoni nifunue lini?

Bi_Majani: Ukiona ncha mpya zinachipua. Kidogo kidogo lakini, si siku moja.