Ushauri: Landi mbili za Series III, moja Mtwapa moja Voi. Nichukue ipi?

Jahazi_74

Salaam wazee. Natafuta Land Rover 109 pikapu, Series III, niifanyie mradi polepole. Si ya biashara. Ni ya kuzungukia mjini, wikendi Kilifi au Kwale, na mara moja moja kubeba vifaa vya uvuvi. Nimepata mbili.

Ya kwanza iko Mtwapa. Ni ya 1976, petroli 2.25, inawaka vizuri, imepigwa rangi mpya ya krimu na chini yote imepakwa lami nyeusi. Muuzaji ataka 450,000.

Ya pili iko Voi. Ya 1979, injini ile ile lakini imekwama, haizunguki kabisa. Bodi imebondeka kila mahali, tairi zimekufa, kiti cha abiria hakipo. Ataka 250,000. Logbuku ni ya karatasi, na jina lililoandikwa ni la marehemu baba yake anayeuza.

Bajeti ni 900,000 kununua na kutengeneza, muda mwaka mmoja na nusu. Roho yanivuta Mtwapa kwa sababu naweza kuiendesha leo. Kuna na mwingine ananiambia niachane na zote, niagize iliyokwisha tengenezwa kutoka Uingereza. Mwasemaje?

SpanaYaInchi

Ya Uingereza ifute kichwani. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Landi ya sabini na kitu itakwama Kilindini uanze kulipia stoo. Vipuri ni ruhusa, gari zima sahau.

Kati ya hizo mbili: Voi, kama karatasi zitanyooka. Injini ya 2.25 yatengenezeka popote. Chasi iliyooza italamba hiyo 900,000 yote na haitashiba.

Chuma_cha_Shimanzi

Nakubaliana na Spana, lakini usinunue wala usikatae kabla hujalala chini ya zote mbili.

Bodi ya Landi ni alumini, haipati kutu nyekundu, kwa hiyo macho hudanganyika. Chasi ni chuma: boksi la bati la kama milimita 2, tupu ndani. Upepo wa bahari huingiza chumvi, tope hukaa, unyevu haukauki, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoona tundu, ndani kulikwisha zamani. Mtu hapaki lami chini kote wiki ya kuuza kwa sababu aipenda sana gari.

Nenda Mtwapa na nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi na sumaku. Gonga kila futi moja. Chuma kizima hulia, kilichooza huitika kama boksi la kadibodi. Kisha sukuma bisibisi hapa: krosimemba ya nyuma (chuma kinachokatiza chasi upande hadi upande), hasa uso wake wa ndani ambao huwezi kuuona ukisimama; ile mikono ya chasi inayotoka pembeni kushika bodi; pale chasi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma; na zile pembe mbili za mbele zinazoshika springi. Sumaku ni ya kukuonyesha mahali palipojazwa pati badala ya chuma. Muuzaji akikukataza kukwaruza lami hata inchi mbili, muage kwa adabu uende zako.

Ukimaliza chasi, nenda kwenye ukuta unaotenganisha injini na kebini. Huo nao ni chuma, si alumini. Inua mikeka utazame pale miguu inapokaa, halafu chini ya nguzo za mlango pale bawaba zinapofungwa, halafu pembe za juu chini ya kioo. Shika mlango ukiwa wazi uuinue. Nguzo ikitikisika, huo ukuta wataka kutolewa wote.

Jambo la mwisho na usilipite: namba ya chasi ya Series III imegongwa kwenye pembe ya mbele ya kulia, inaposhikwa springi. Pale pale kutu hupapenda. Fundi akikata hiyo pembe akaweka mpya, namba imeenda na chuma chakavu, na kibati cha namba ndani ya kebini peke yake hakitakutetea. Lami ikwanguliwe hadi namba isomeke, ulinganishe na logbuku tarakimu kwa tarakimu. Ya injini imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto, karibu na manifoldi ya ekzosi.

MamaGasketi

Watu wanaogopa injini iliyokwama bure. Kaka, hiyo bloku na hedi zote ni chuma cha kuyeyusha, si alumini, zinavumilia. Toa plagi nne, mimina kila silinda mchanganyiko nusu kwa nusu wa dizeli na oili ya gia ya otomatiki, kama kikombe kidogo cha kahawa. Acha wiki nzima. Kisha jaribu kwa hendeli ya mbele, mbele kidogo nyuma kidogo, gia ikiwa nyutro. USIIVUTE kwa gari lingine ukiwa umeingiza gia. Ringi zilizogandana na silinda zitakatika, au fimbo ya pistoni ipinde, na hapo umegeuza kazi ya wiki kuwa ovahoo.

Ikikubali kuzunguka, mwaga oili ya zamani kabla ya kuwasha, weka 20W-50 na filta mpya, zungusha bila plagi mpaka presha ya oili ipande. Pima kompresheni silinda zote. Mimi siangalii sana namba yenyewe, naangalia tofauti: ikizidi asilimia 10 kati ya silinda na silinda, fungua hedi. Valvu ziseti 0.25 mm, za kuingiza na za kutoa sawa.

Ukifungua hedi, mwambie fundi wa mashine akuwekee viti vigumu vya valvu za ekzosi. Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli ya risasi, na risasi ilitoka sokoni huku kwetu kufikia 2006. Bila viti vigumu, valvu huzama kidogo kidogo, nafasi ya 0.25 hupotea, mwisho valvu inaungua.

Na kama kabureta ni Zenith, usilaumu plagi ikitoa moshi mweusi na injini kusinzia ukitoa mguu kwenye petroli. Uso wa kifuniko chake hujikunja kwa joto. Weka msasa laini juu ya kioo, usugue uso ule mpaka uwe bapa, badilisha gasketi na oringi ndogo ya ndani.

Jahazi_74

Shukrani sana. Nimepita Mtwapa leo asubuhi. Muuzaji amekubali nikwaruze mahali pamoja tu, krosimemba ya nyuma, na chini ya lami kuna kitambaa cha faiba. Namba ya chasi haionekani, asema "iko, ni lami tu".

Kwa hiyo nauliza ya Voi: hiyo logbuku ya marehemu yatatulika vipi? Na kuna fundi asema nitoe petroli niweke dizeli ya 200Tdi moja kwa moja, nisihangaike na injini mfu. Kweli?

Mrithi_Halali

Faiba kwenye chasi? Hapo hata kulipia uvutaji si lazima ufikirie.

Logbuku: mtoto wa marehemu hana uwezo wa kuuza mpaka awe na hati ya usimamizi wa mirathi. Kama familia ni Waislamu, Mahakama ya Kadhi inashughulikia. Wengine wanakwenda mahakama za kawaida. Hati ikitoka, yule msimamizi ndiye anayekuhamishia gari kwenye akaunti ya NTSA (mamlaka ya usajili wa magari) ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwanza fanya utafutaji wa rekodi kwa namba ya gari. Magari mengi ya zamani hayajaingia vizuri kwenye mfumo, na ni afadhali kuligundua hilo pesa zikiwa bado kwako. Kama kuna ndugu kadhaa, taka saini za wote.

Usilipe yote. Andikianeni mkataba kwa wakili, mpe sehemu ndogo, iliyobaki siku ya kuhamisha. Na gari lisitoke Voi wala usilinunulie hata plagi moja kabla ya hati. Nduguye atakayetokea baadaye hatakurudishia gharama za spea.

Pia kumbuka pikapu kwa sheria ni gari la biashara hata ukibebea nyavu zako mwenyewe: ukaguzi kila mwaka, riflekta za nyuma, na kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya kodi.

SpanaYaInchi

200Tdi inaingia, ndiyo. Inafunga kwenye gia ile ile ya Series, na kati ya dizeli zote ndiyo isiyo na ukorofi wa kukatakata. Lakini fundi amekwambia nusu. Petroli ile ina kama hospawa 70, Tdi ina zaidi ya 100, na gia ya Series haikuumbwa kwa nguvu hiyo ya kuzungusha ukiwa na mguu mzito. Difu zako (gia za kwenye ekseli) zina uwiano wa 4.7, kwa hiyo barabara ya Malindi injini itapiga kelele ukiwa 80. Utataka difu za 3.54 au ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini). Ekzosi mpya, redieta na intakula, nafasi ya filta ya hewa. Halafu breki. Na namba ya injini lazima ibadilishwe NTSA, kwa risiti ya ulikoinunua na ukaguzi.

Kwa matumizi uliyotaja, acha petroli.

Kusi_na_Kaskazi

Mimi naona tofauti kidogo. Petroli 2.25 itakunywea sana, na Kilifi kwenda na kurudi kila wikendi utaisikia mfukoni. Kama injini ya Voi itakataa kabisa kuzunguka, au silinda zina kutu ya kushika kucha, Tdi si wazo baya. Lakini uamuzi huo ufanyike hedi ikiwa mezani, si sasa.

Chuma_cha_Shimanzi

Sawa, sasa mpangilio, maana hapa ndipo miradi hufia. Watu huanza na rangi kwa sababu yaonekana.

Anza na chasi na ukuta. Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya muda kutoka upande hadi upande na pima mshazari kutoka tundu hadi tundu, pande zote mbili. Ukikata mikono miwili kwa pamoja bila hivyo, chasi hujipinda na mlango hautafunga tena. Kiraka kisiwekwe juu ya kutu. Kata hadi chuma kizima, weka bati la unene ule ule, chomelea mzunguko mzima. Vitundu vya kutoa maji viachwe wazi. Ndani mimina nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba. Oili chafu na dizeli ambayo mafundi hupenda kupuliza huoshwa haraka na hula mipira ya springi.

Kisha breki, zote, hata kama zinashika. 109 ina dramu za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za breki, si moja. Hewa hujificha kwenye silinda ya juu. Kaza shuu mpaka ziguse dramu kabla ya kutoa hewa, kisha zirudishe. Paipu zote weka za shaba-nikeli, za chuma hazikai pwani. Hendibreki yake iko nyuma ya transfa (sanduku la pili la gia, linalogawa nguvu mbele na nyuma), kwenye propela. Ikiwa haishiki, tazama sili ya oili kwanza, mara nyingi shuu zimelowa.

Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna bakuli za chuma zenye kromu. Kromu ikiwa na vishimo, sili mpya itavuja ndani ya mwezi. Oili humo ni EP90, na kwenye gia, transfa na difu hivyo hivyo.

Waya: badilisha zote ukiweza. Kisichobadilishika, angalau weka mkanda mpya wa athi (waya wa kurudisha umeme) kati ya injini na chasi. Taa zinazofifia Mombasa nyingi ni athi tu.

Spea si tabu. Maua, Meru, hizi Landi bado zinapiga kazi kila siku, na Kirinyaga Road, Nairobi, utapata spea zilizobaki. Nunua spana za inchi, 7/16, 1/2, 9/16. Za milimita zitakukatia kona za bolti.

MamaGasketi

Niongeze la rangi. Mabonde ya alumini usimpe fundi wa welding ya fimbo, atayeyusha paneli. Yataka TIG na gesi ya agoni, au ukate kipande ufunge kwa riveti. Kabla ya rangi, alumini lazima ipate praima ya asidi, la sivyo rangi itabanduka kama ganda. Paneli inapokutana na chuma, paka dawa ya kutenganisha na weka washa za nailoni. Pale ndipo unga mweupe huanzia. Na bolti za stenlesi si dawa. Ndani ya alumini, kwa chumvi hii yetu, ni alumini ndiyo italiwa. Tumia za chuma zilizopakwa zinki.

Pulizia wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kati ya saa nne na saa tisa. Masika hewa imejaa maji, rangi ya selulozi hugeuka nyeupe kama ukungu.

Jahazi_74

Nimeelewa. Voi basi, na jamaa amekubali kwenda kwa Kadhi kwanza. Hati ikitoka, niivute vipi hadi Mombasa?

SpanaYaInchi

Juu ya lori, ndilo bora, maana tairi zimekufa. Ikibidi ivutwe na magurudumu yakiwa chini, lever nyekundu iweke katikati, hapo transfa iko nyutro, na kama ina friwili habu mbele (habu zinazoweza kuachanishwa na ekseli) zifungue. Kagua oili ya difu kabla ya kuondoka.

Kusi_na_Kaskazi

Na ikifika usiioshe kwa maji ya kisima. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na kaa wosh nyingi zinatumia hayo hayo. Maji ya mfereji, chini kwanza, halafu juu. Kwenye redieta vivyo hivyo: weka kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri, si asidi.