Ushauri: Mwanafunzi amedhihakiwa darasani kwa sababu babu wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani

Chaki Mbili (mwanzisha uzi)

Ndugu walimu wenzangu, naomba mawazo yenu katika jambo lililoninyima raha kwa wiki mbili sasa.

Nafundisha Historia kidato cha tatu katika shule moja ya kata mkoani Ruvuma, ingawa kwetu ni Kagera na huku nililetwa na ajira. Tulipofika kwenye mada ya namna Waafrika walivyoukabili utawala wa kikoloni, niliona haya kufundisha Vita vya Maji Maji, ambavyo watu wa kusini walipigana na Wajerumani, kwa notisi zilezile za hoja sita, wakati makumbusho ya vita hivyo na kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 vipo Songea mjini, mahali ambapo wanafunzi wangu wengi hupita wakienda sokoni. Kwa hiyo niliwaagiza wakawaulize wazee nyumbani, kisha wasimulie darasani kwa Kiswahili kabla ya kuandika insha kwa Kiingereza.

Kipindi kilichangamka kuliko nilivyotarajia, kwani hata wale ambao huinamia madaftari Kiingereza kinapoanza walikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Binti mmoja alieleza kwamba bibi yake hakubali punje ya mahindi ibaki chini baada ya kupukuchua, kwa sababu alilelewa na bibi yake mwenyewe aliyekuwa akisimulia njaa iliyofuata vita. Kisha akasimama kijana mmoja mpole, akasema kwamba babu wa babu yake alikuja huku akiwa askari wa Mjerumani, akaoa, akabaki. Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe ninyi ndio mliomnyonga Nduna Songea!" Nduna Songea ni yule kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Darasa zima likacheka. Kijana akakaa, na tangu siku hiyo kipindi changu kikianza huomba ruhusa ya kwenda chooni na harudi mpaka kengele igongwe.

Mama yake alikuja shuleni, akaniuliza kwa upole kama habari za nyumbani kwao ni sehemu ya mtihani. Sikuwa na jibu. Mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo shuleni, ameniambia nirudi kwenye notisi, na mada iishe kabla ya mtihani wa nusu muhula. Je, nimtii, au kuna namna ya kuendelea bila kumuumiza mtoto mwingine?

Mtahini wa Zamani

Mwalimu, mtaaluma wako hajakosea kabisa. Nimesahihisha insha za somo hili kwa miaka kadhaa, na ninakuhakikishia kwamba simulizi ya bibi haina alama mpaka igeuzwe kuwa hoja iliyoelezwa na kutolewa mfano, tena kwa Kiingereza. Watoto wengi huandika ukurasa mzima wa habari nzuri wakapata alama mbili.

Hata hivyo, hao wanaokariri nao nimewachoka. Karibu kila karatasi ina sentensi moja kwamba vita vilishindwa kwa sababu watu waliamini maji ya uganga yaliyosemekana kuzuia risasi, na inaishia hapo, kama kwamba wazee wetu walikuwa wajinga tu. Ni nadra kukutana na mtoto anayeeleza kwamba dawa hiyohiyo ndiyo iliyowaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Simulizi zipe robo ya kipindi, muda unaobaki wafundishe kuzigeuza kuwa hoja.

Mzee wa Matumbi

Mwanangu Chaki, mimi nimestaafu baada ya kufundisha Lindi na Kilwa, na nadhani shida yako ni mpangilio wa mada kuliko simulizi zenyewe. Umemwacha kijana asimame kabla darasa halijajua jeshi la Mjerumani lilikuwa la nani.

Anza na pamba. Waeleze kwamba tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, watu wa kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na serikali ya Kijerumani, kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa jinsi yalivyokuwa ya dhihaka. Kisha wapeleke Nandete, kijiji cha Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, ambako vita vilitangazwa kwa kung'oa mashina machache tu ya pamba. Sehemu hiyo nilikuwa naifundisha nikiwa na mche wa pamba mkononi, nauweka mezani, nanyamaza kidogo, halafu nauliza: "Mkimng'olea jumbe mche huu, mnamwambia nini?" Majibu yao yanatosha kujaza ubao. Hapo ndipo unapomleta Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeanza kuwagawia watu ile dawa ya maji, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema Agosti, wakati vita ndiyo kwanza vinaanza.

Baada ya hapo, kabla hujagusa Ungoni, yaani nchi ya Wangoni huko Songea, uliza askari walikuwa akina nani. Maafisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Wissmann, afisa wa Kijerumani, alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliajiri Wasudani kutoka Misri na Washangaa kutoka Msumbiji, na baadaye wakaongezwa watu wa humuhumu nchini. Watawala Kiwanga wa bonde la Kilombero na Merere wa Usangu walikuwa upande wa Mjerumani, na Wahehe, ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wamepigana naye chini ya mtawala wao Mkwawa, safari hii walitoa wapiganaji wa kumsaidia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: mwingine uhasama wa zamani na jirani, mwingine mshahara, mwingine hofu. Darasa likishayajua hayo, babu wa kijana wako anakuwa mmoja kati ya maelfu, na swali linakuwa kwa nini watu walichagua walivyochagua.

Na yule binti wa punje za mahindi amekupa somo zima bure. Andika ubaoni makadirio ya Wajerumani ya waliokufa, 75,000, na pembeni yake makadirio ya wanahistoria wa baadaye, 250,000 hadi 300,000. Waulize tofauti hiyo imetoka wapi. Watagundua wenyewe kwamba wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa njaa, kwa sababu majeshi yalichoma maghala na mashamba kwa makusudi.

Mwalimu wa Kiambu

Salamu kutoka Kenya. Sisi jeraha hilo ni bichi zaidi. Karibu na ninapofundisha ni Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa Waingereza kutokea msituni, waliwaua watu wa chifu Luka aliyekuwa upande wa serikali, wengi wao wanawake na watoto, na kisha watu wengi zaidi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Wajukuu wa hom-gadi, yaani walinzi Waafrika waliokuwa upande wa Waingereza, na wajukuu wa waliokwenda msituni wanakaa dawati moja. Niliacha zamani kuwataka wasimulie mbele ya darasa. Huandika kwenye karatasi bila jina, wakishaomba idhini ya mwenye simulizi, nami huchagua nitakazosoma na kubadilisha chochote kinachoweza kuitambulisha nyumba ya mtu.

Mama Unasihi

Mnajadili mada, na mtoto yuko chooni. Mfuate leo, peke yake, umwombe radhi kwa kuwa hukulinyamazisha darasa. Yule wa nyuma naye mwite faragha, maana nina hakika alitamka alichokisikia nyumbani.

Chaki Mbili

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Mama Unasihi, maneno yako yalinichoma na nikayafanyia kazi siku ileile. Kijana alinisikiliza bila kusema kitu, akaniuliza tu kama na wengine wataandika. Nilimwambia wote.

Jana niliingia na mche wa pamba niliouomba kwa jirani anayepanda miwili mitatu uani. Yeye alikaa karibu na mlango. Nilipofika kwa Kiwanga na Merere aliacha kuutazama mlango, na mwisho wa kipindi aliniletea karatasi isiyo na jina, ambayo mwandiko wake naujua. Ameandika kwamba mke wa yule askari alikuwa binti wa mtu aliyekufa vitani upande wa Wangoni, na kwamba nyumbani kwao hutajwa wote wawili kwenye arobaini. Chini kabisa ameongeza: "Mama amesema unaweza kusoma."

Mtahini, nisaidie sasa: hoja ya namna hiyo inaandikwaje ili ipate alama?