Nyasi kando ya Kafubu: nani akatwe shamba?

Mwenye swali: Napendekeza wanaolima mboga kando ya Kafubu, mto wetu hapa Lubumbashi, waache mita chache za nyasi kati ya matuta na mto. Udongo wetu ulianza kula vumbi la tanuru la shaba mwaka 1911. Mvua ikipiga, unatelemka mtoni na shaba yake na madini ya risasi. Nyasi nzito hupunguza mbio za maji, tope linatua. Wauzaji wa lengalenga (mchicha) wanajua ina sumu, wananyamaza.

Mama wa Katuba: Wanajua? Mimi nauza lengalenga, na watoto wangu wanaila na bukari (ugali) kila jioni. Omba radhi kwanza, nyasi baadaye.

Kijana wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, kama Katuba na Ruashi): Mama ana haki. Sumu ilitoka kwenye bomba la moshi, haikutoka kwenye jembe lake.

Mwanafunzi wa kilimo: Mama, kwa heshima. Risasi hung'ang'ania chembe za udongo, ndiyo maana nyasi zinaikamata pamoja na tope. Kadimiamu, madini mengine yenye sumu, iliyoyeyuka majini inapita. Na maji yakijichimbia mfereji mmoja, ukanda wote unabaki bure. Pale Penga Penga, mtaa wa hapa mjini, watu wa chuo kikuu walijaribu Microchloa, kinyasi kifupi kinachovumilia shaba, wakaweka chokaa na mboji.

Mwenye swali: Mama, sikukutaja wewe.

Mama wa Katuba: Umesema wauzaji. Mimi ni nani? Na kiangazi namwagilia kwa maji ya mto huohuo, ndoo kwa ndoo. Nyasi zako zinanikinga na nini?

Papa wa Ruashi: Hizo nyasi mbuzi watazimaliza kabla ya Noeli, na sisi tutakula hao mbuzi. Sumu ya madini haiozi.

Kijana wa Kenya: Mbuzi wa nani, Papa? Huko kwenu ndiko wanakozurura.

Papa wa Ruashi: Tuna shimo la mgodi mlangoni, nawe unatuhesabia mbuzi! Kijana, chunga mdomo. Sisi ni wakubwa zako.

Mwanafunzi wa kilimo: Nyasi zikatwe, mbuzi wasipewe, na tope lizolewe likijaa. Lisipozolewa, mvua kubwa italirudisha mtoni.

Kijana wa Kenya: Lizolewe na nani, lipelekwe wapi?

Mama wa Katuba: Mita tatu kwangu ni matuta mawili, pesa ya shule ya mtoto mmoja. Na sina karatasi ya kiwanja. Nikiacha nyasi, kabla ya kiangazi mtu ameshapanga matofali pale. Mwenye swali, utakuja kumtoa wewe? Na ile radhi bado naingoja.