Tupeane uzoefu: fangasi ndani ya lenzi na maisha ya kamera katika ukanda wa pwani

Mtanga wa Raskazone

Ndugu zangu, jana jioni nilitoa lenzi yangu ya milimita 50 iliyokuwa imelala kabatini tangu masika yaanze, nikaimulika kwa tochi ya simu, na ndani yake nikaona nyuzi nyembamba zimetambaa kama utando wa buibui kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kwa nje kioo ni safi kabisa, na nimekifuta mara kadhaa, lakini nyuzi ziko ndani mahali ambapo kitambaa hakifiki. Wenzangu wa Tanga, Unguja, Lamu na Mtwara mnaijua hali ninayoieleza, kwani kuanzia Machi hadi Mei hata chumvi ya mezani hulowa ndani ya kikopo chake. Mimi hupiga picha kwa mapenzi tu, za majahazi, bandari na nyumba za kale za mjini, wala sina uwezo wa kununua lenzi nyingine kila mvua zinapopita. Naomba tupeane uzoefu: mnanunua vifaa gani, mnavihifadhi vipi, na ni yapi yaliyowapata?

Likoni Feri

Hapa Mombasa ni yayo hayo, ndugu yangu. Kiatu cha ngozi kikikaa bila kuvaliwa huota ukungu, sembuse lenzi.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu wa Tanga, pole sana. Nilianza kupiga picha wakati wa filamu, hapa hapa Unguja, na lenzi nilizoziona zikiharibika ndani ya mikoba ni nyingi kuliko zilizoanguka chini au kuibwa. Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, na tayari zimo ndani ya kila lenzi uliyonayo. Zinachosubiri ni unyevu, giza na hewa iliyotuama. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 na kubaki hapo kwa muda mrefu, ndipo zinapoota, na chakula chake ni vumbi na mafuta ya vidole vyetu. Kwa hiyo mkoba mzuri wenye sponji, uliofungwa zipu na kusukumwa nyuma ya kabati la nguo, ndiyo makao yanayozifaa zaidi, na vifuko vya ngozi vya zamani ni vibaya kupita vyote kwa sababu ngozi hunywa maji na kukaa nayo.

Sisi tulikuwa tukiacha balbu ndogo ya njano ikiwaka ndani ya kabati usiku na mchana ili joto lake likaushe hewa. Wako watakaosema kwamba hali ya hewa ya visiwani haistahimiliki, lakini pale Shangani, Capital Art Studio ilianzishwa 1930, na picha zake za Unguja ya kabla ya Mapinduzi zimetufikia. Waliozitunza waliishi katika unyevu huu huu tunaoulalamikia.

Mkaazi wa Sinza

Shikamoo mzee wangu. Balbu hizo za njano siku hizi hazipatikani kirahisi, na hizi mpya hazitoi joto la kutosha. Mimi ninaweka kamera ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na mchele mkavu, na sijaona fangasi hata siku moja. Ukichoka kupiga picha, unapika pilau.

Fundi wa Jioni

Ndugu wa Sinza, naomba nipinge jambo hilo kwa nguvu zote, kwa sababu watu watalisoma na kulifuata. Mchele hunyonya unyevu kidogo sana, na vumbi lake jeupe huingia kwenye pete za lenzi na kwenye matundu ya kamera. Nimefungua lenzi ambazo zimekwama kuzunguka kwa sababu ya unga wa namna hiyo. Kinachofaa ni silika, zile punje zinazokuja katika vipakiti ndani ya maboksi ya viatu, ila ununue za kutosha na zinazobadilika rangi ili ujue zimeshiba lini. Za rangi ya chungwa hugeuka kijani, nazo unaweza kuzikausha kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 hivi, kwa saa kadhaa, ukazitumia tena. Za buluu zinazogeuka waridi huwa na kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo usizikaushe kwenye oveni ya chakula. Weka kila kitu ndani ya kontena la plastiki lenye ukanda wa mpira kwenye mfuniko, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, kisha ulenge asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita kiasi, kwa maana chini ya asilimia 30 mpira na mafuta ya ndani ya lenzi navyo huanza kudhurika.

Mkaazi wa Sinza

Nimesema yaliyonifaa mimi. Hapa tumeombwa uzoefu.

Fundi wa Jioni

Nami huo ndio uzoefu wangu, ndugu. Ninazifungua na kuyaona yaliyomo ndani.

Bi Mikindani

Mazungumzo haya yamenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia kikamilifu. Ilikuwa Julai, kusi ikivuma, nasi tulikuwa tukirudi kutoka Kilwa Kisiwani kwenda Kilwa Masoko kwa mashua ya tanga, baada ya kushinda kwenye magofu ya Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Mnaokijua kivuko kile mnajua kwamba ni kifupi, na kwamba asubuhi maji hulala, ilhali alasiri upepo huweza kubadilika ghafla. Kamera ilikuwa kifuani mwangu, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuligonga Gereza, ile ngome ya kale ya kisiwani, kwa ubavuni na nilitaka kulipiga tukiwa tunaondoka.

Tulipofika katikati ya mkondo, upepo ukaja kwa mkupuo, mashua ikalala upande mmoja, na kabla nahodha hajawahi kulegeza demani, yaani kamba ya tanga, wimbi likapanda ubavuni na kutujaza hadi magotini. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja na mtoto wake kwa mkono mwingine, na wimbi la pili lilipotupiga nilimwona mtoto akimponyoka. Nilimdaka kwa mikono yote miwili nikamwinua juu ya kichwa changu, na nilihisi kamera ikielea tumboni mwangu ndani ya maji ya chumvi, ikigongana na magoti ya watu, kwa muda wote ambao wanaume walikuwa wakikumba maji kwa ndoo na kwa kofia zao. Mtoto alikuwa akilia sikioni mwangu, nami nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kile kilio.

Tulipofika Masoko nahodha alinitazama, akaitazama kamera inayochuruzika, akachukua dumu la maji ya kunywa akaimwagia yote, mbele ya watu, huku abiria wengine wakipiga kelele kwamba ananimalizia. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haikuwaka tena. Lenzi iliendelea kufanya kazi kwa mkono, bila kujilenga yenyewe, na kadi ilikuwa nzima, kwa hiyo picha za Husuni Kubwa ninazo hadi leo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama yule nahodha aliniharibia au alinisaidia.

Likoni Feri

Subhanallah, dada. Na mama yake mtoto alifika salama?

Bi Mikindani

Sote tulifika salama, alhamdulillahi.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu, Mungu akulipe kwa kumwinua yule mtoto. Lakini kuhusu maji ya dumu, mimi ninaona nahodha alifanya haraka. Kamera ya umeme haimwagiwi maji, iwe yameingia ya bahari au hayajaingia. Angeifuta na kuianika tu.

Fundi wa Jioni

Kwa heshima zote, mzee wangu, nahodha alikuwa na akili. Kamera iliyozama kwenye maji ya chumvi tayari imejaa maji, na ukiianika hivyo hivyo maji yatakauka lakini chumvi itabaki ndani, iendelee kuvuta unyevu na kula shaba za saketi siku baada ya siku. Kinachotakiwa ni kutoa betri na kadi papo hapo, kuisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuiacha ikauke kwa muda mrefu, na kutothubutu kuiwasha kwa ajili ya kujaribu. Hata hivyo hupona mara chache. Lakini iliyorushiwa matone tu haisuuzwi, bali hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, kisha kwa kikavu. Bi Mikindani, je, betri ilikuwa imetolewa kabla ya dumu?

Bi Mikindani

Haikutolewa. Nilikuwa bado nimembeba mtoto.

Likoni Feri

Mimi ninauliza kuhusu majaketi ya kuokolea. Mashua ile haikuwa nayo? Hili ni kubwa kuliko kamera zetu zote.

Mkaazi wa Sinza

Yapo vyombo ambavyo majaketi hufungiwa kwenye gunia chini ya mizigo ili mkaguzi akija yaonekane. Nimeona kwa macho yangu.

Mtanga wa Raskazone

Ndugu zangu, mkasa huu umenigusa sana, na suala la majaketi linastahili kujadiliwa kwa nafasi yake. Ninaomba turudi kwenye lenzi. Fundi, hii yangu inaokoka?

Fundi wa Jioni

Inategemea imekaa muda gani. Fangasi hutoa tindikali inayokula ile rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na ikishaliwa, hata ukisafisha, alama hubaki. Ikiwa nyuzi ni chache na ziko ukingoni, picha zako hazitaonyesha tofauti kubwa isipokuwa unapopiga kuelekea jua, ambapo weusi wa picha utafifia. Mpe fundi aifungue mapema. Ikiwa ni lenzi ya bei ndogo, kama zile za milimita 50 za f/1.8 (hicho ni kipimo cha upana wa tundu la lenzi), linganisha gharama ya fundi na bei ya nyingine kabla hujatoa fedha. Wakati unasubiri, usiitenge kwa hofu kwamba itaziambukiza nyingine, kwa maana mzee amekwisha kueleza kwamba mbegu zimo katika zote.

Likoni Feri

Hapo sikubaliani nawe. Lenzi yenye fangasi nisingeiweka kontena moja na nzima, hata kwa kulipwa.

Nyanda za Juu

Ninawasoma kutoka Mbeya, ambako fangasi si tatizo letu kubwa; letu ni vumbi, hasa kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza. Ninaomba msitumie kompresa ya gereji kupulizia ndani ya kamera, kama ninavyoona watu wakifanya barabarani, kwa kuwa hewa ile hubeba mafuta na maji, na nguvu yake inaweza kupasua shata, lile pazia jembamba linalofunguka unapopiga picha. Kipulizia cha mpira kinatosha. Ukibadilisha lenzi, mdomo wa kamera uelekee chini na mgongo wako uelekee upepo unakotoka.

Nyingine ni jua. Siku ya tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa kuangalia kupatwa kwa jua, kijana mmoja jirani yangu alielekeza lenzi ndefu juani bila filta ya jua, huku akitazama kwenye skrini, na ikamchoma sensa, kile kibati cha ndani kinachopokea picha. Picha zake zote zikawa na doa tangu saa ile. Angekuwa anachungulia kwenye tundu la macho, tungekuwa tunazungumza habari ya jicho lake.

Mswahili wa Muscat

Huku tunaishi ndani ya viyoyozi, na wakati wa joto, hewa ya nje ya pwani ya Oman ina unyevu mzito. Ukitoka na kamera iliyopoa, kioo hujaa mvuke mara moja, na mvuke huo huingia hadi ndani. Ninaifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa nikiwa bado chumbani, ninatoka nayo, na siufungui mfuko mpaka kamera ipate joto la nje. Jamaa zangu wa Dar wenye ofisi zenye baridi kali wanaweza kulifuata hili.

Mkaazi wa Sinza

Hilo nalo ni kweli kabisa, nimeliona kwenye kumbi za harusi.

Kwa upande wa kununua, nililetewa lenzi na muuzaji mmoja Kariakoo aliyeapa kwamba haijawahi kutumika, na baada ya siku chache nikaona fangasi iliyokomaa ndani yake, naye muuzaji hakukubali kuipokea tena. Tangu hapo ninakwenda na tochi. Ninaufungua mlango wa betri kwanza: kutu ya kijani au unga mweupe kwenye vyuma vya ndani, na skrubu za nje zilizoshika kutu, vinakwambia kwamba kamera imeonja bahari. Kisha ninapiga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, ili madoa ya sensa yajitokeze.

Fundi wa Jioni

Hapa ninakuunga mkono kwa moyo wote, ndugu wa Sinza. Niongeze kwamba wanaoanza wasikimbilie bodi mpya. Wengi wanahamia kamera zisizo na kioo cha ndani, hivyo za DSLR, zile zenye kioo hicho, na lenzi zake zinauzwa kwa nafuu, na lenzi za Canon za EF, ambazo zipo tangu 1987, hukaa hata kwenye bodi mpya za R kwa kutumia adapta. Wa Nikon wajihadhari: bodi za D3000 na D5000 pamoja na warithi wake hazina mota ya kulenga, kwa hiyo lenzi za zamani za AF (za kujilenga) zisizo na mota yake hazitajilenga zenyewe humo.

Mzee wa Ng'ambo

Na muwe na filta ya UV mbele ya lenzi siku zote kwa ajili ya chumvi.

Nyanda za Juu

Mzee wangu, samahani, filta ya bei rahisi huharibu kila picha ya jua la jioni. Kifuniko cha kukinga jua kinatosha.

Mzee wa Ng'ambo

Njoo Nungwi wakati wa kusi, mwanangu, ukae saa moja ufukweni, kisha uifute lenzi yako bila filta.

Mtanga wa Raskazone

Nimeshanunua kontena na kipimo, na leo asubuhi ndani kilisoma asilimia 71 kabla sijaweka silika. Tochi inatakiwa kumulika kutokea mbele au nyuma ya lenzi?

Fundi wa Jioni

Kutokea nyuma, kwa mshazari, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, ndani ya chumba chenye giza. Tochi ya simu inatosha.