Jirani wamepata pesa za ukame, mama hajapata. Nimpe huyu kijana 2,000?

Binti_Laisamis
Hamjambo wote. Mama yangu ni mjane, mfugaji huku Laisamis, Marsabit. Ukame wa 2022 tulikuwa na mbuzi karibu sitini, wakabaki kumi na mmoja, na ngamia wawili tuliwapoteza njiani kwenda kisimani. Msimu huu mvua imekatika tena. Shangazi yangu upande wa North Horr ameingiziwa pesa za dharura kwenye kadi ya HSNP, ule mpango wa serikali wa kuzipa pesa nyumba za maeneo ya ukame, lakini kadi yetu haina kitu. Kuna kijana huja sokoni na daftari, anasema akipewa 2,000 ataandika mizoga yetu na jina la mama litaingia. Mama ameshatenga mbuzi wa kuuza. Nifanye nini? Kwa kweli sina amani.

Mfugaji_Wajir
Usimpe hata shilingi. Nilitoa 1,500, kijana akahamia soko lingine.

Ngamia_Mweupe
Pole sana dada, na mpe mama pole zetu. Niliwahi kusaidia kuandikisha watu kijijini kwetu, kwa hiyo nikueleze taratibu.

Pesa hizo hazifuati mizoga. Mwaka 2013 nyumba nyingi za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ziliandikishwa na kufunguliwa akaunti. Nyumba zilizoonekana maskini zaidi huwa kwenye orodha ya kila miezi miwili, 5,400 kila zamu. Zilizobaki hupata ukame ukiwa mkali tu, na ukali wenyewe hupimwa kwa setilaiti inayoangalia majani yalivyo, kaunti ndogo moja moja. North Horr inaweza kuvuka kiwango na Laisamis isivuke mwezi huohuo. Inauma, maana mbuzi hajui mpaka, lakini hakuna daftari la sokoni linaloweza kubadilisha hilo.

Hata bima ya mifugo ya serikali, iliyoanza 2015, haikumlipa mtu kwa mnyama aliyekufa. Serikali ilikatia nyumba zilizochaguliwa bima ya ng'ombe 5, mbuzi 10 wakihesabiwa ng'ombe mmoja, na malipo yalitoka majani yakikauka, ili ununue nyasi mnyama angali amesimama.

Swali langu: kadi ni ya jina la nani?

Binti_Laisamis
Ya marehemu baba. Mama huwa anaibeba tu.

Ngamia_Mweupe
Basi anza hapo. Hata zamu ya Laisamis ikifika, mama atapata shida kutoa. Nendeni ofisi ya kaunti ya NDMA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ukame, mkaombe mpokeaji abadilishwe: kitambulisho chake, kadi, cheti cha kifo.

Mama_Wawili
Picha za mizoga usizifute lakini. Wakija watu wa kugawa mbuzi upya, orodha huanzia kwenye baraza, na mwenye hesabu yake mkononi husikika.

Binti_Laisamis
Asanteni sana. Nimempigia mama, amemrudisha yule mbuzi zizini. Ila cheti cha kifo hatukuwahi kuchukua, baba alifia malishoni. Tutaanzia wapi?

Mfugaji_Wajir
Kwa chifu. Barua yake ndiyo mnayopeleka kwa msajili, kifo kilichochelewa kuandikishwa bado kinaandikishwa. Mwende na mzee mmoja aliyekuwepo kwenye maziko.