Tasnifu imekaa mezani kwao miezi 11, leo nadaiwa mimi ada ya kuchelewa

Wakuu, uzi ni mrefu, nivumilieni. Nimetoka kwa mhasibu wa chuo saa hizi, mikono bado inanitetemeka.

Nilikwenda kukamilisha klirensi, yaani kukusanya sahihi za kila ofisi kwamba sidaiwi. Sahihi ya maktaba ninayo, ya hosteli ninayo ingawa sijalala hosteli hata siku moja, ya ofisi ya michezo ninayo, ya idara ninayo. Imebaki ya mhasibu tu ili jina langu liingie kwenye orodha ya wahitimu. Kijana akafungua mfumo, akanigeuzia kioo: "Mama, una deni. Milioni mbili na laki nne. Ada ya kuongezewa muda, miaka miwili." Nikamuuliza miaka ipi. Akasoma: 2023/24 na 2024/25.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo miwili kazi yangu ilikuwa kwao. Tasnifu yangu ya PhD nilishaikabidhi Agosti 2023, nakala za spairo zikapokelewa, nikarudi nyumbani kusubiri. Nadaiwa ada ya kuchelewa kwa muda ambao wao ndio walichelewa. Kijana wa watu hana kosa, anasoma kilichomo kwenye mfumo. Nikamwambia aniandikie hilo deni linatokana na nini, akasema hana mamlaka. Kontro namba ya kulipia alinipa ndani ya dakika mbili. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa haraka pale chuoni.

Kwa ambao hawajapita njia hii: unadahiliwa, unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea idarani, unarekebisha, unalitetea tena kwenye ndaki (kitengo cha chuo chenye idara kadhaa), unarekebisha tena, linapanda kurugenzi ya masomo ya uzamili, ndipo unapewa barua ya kwenda uwandani. Kila miezi sita unajaza ripoti ya maendeleo inayosainiwa na msimamizi, mkuu wa idara na mkuu wa ndaki. Ukimaliza kuandika unapeleka taarifa ya kusudio la kuwasilisha, inapitishwa kwenye Turnitin, programu ya kukagua kama umenakili kazi za wengine, wanateuliwa watahini wa ndani na wa nje, unasubiri ripoti zao, unaitwa kwenye utetezi, unasahihisha, mtahini wa ndani anathibitisha masahihisho, seneti inapitisha, unachapisha yenye jalada gumu, unafanya klirensi. Sina ugomvi na hatua hizo. PhD lazima ipimwe, na mimi mwenyewe ni mwalimu, ningeona aibu kupewa cheti kisichochunguzwa. Ugomvi wangu ni kwamba katika hatua zote hizo mwenye saa ya kuhesabiwa ni mwanafunzi peke yake. Nilipewa miezi 36. Faili likiwa kwangu, saa inatembea. Likiwa kwenye droo ya ofisa, saa bado inatembea, na anayelipa ni mimi.

Nieleze ilivyokuwa. Nilisajiliwa Novemba 2019. Februari 2020 nikatetea pendekezo idarani. Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Hapo simlaumu mtu. Septemba nikatetea kwenye ndaki, nikapita, masahihisho nikayarudisha ndani ya siku tisa. Utafiti wangu unahusu bei anazopata wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa mnadani. Anayeijua Kusini anajua maana yake: minada inaanza Oktoba, mwisho wa mwaka wakulima wengi wameshauza. Nilichohitaji ni barua moja tu ya chuo ya kunitambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Nilimwandikia mkurugenzi nikaeleza kwamba msimu haunisubiri. Nikapiga simu. Nikapanda basi siku nzima kwenda mwenyewe. Katibu muhtasi akaniambia, "Dada yangu, faili liko kwa bosi, njoo Jumatatu." Jumatatu bosi yuko kwenye kikao Dodoma. Jumatatu nyingine faili halionekani. Wiki iliyofuata likaonekana, limechanganywa na mafaili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Barua ilitoka Desemba 3. Aya tatu, tena jina la wilaya limekosewa.

Nilipofika mkoani walinihudumia siku hiyo hiyo. Wilayani vivyo hivyo, halmashauri vivyo hivyo. Mtendaji wa kijiji alisoma barua amesimama nje ya ofisi yake, akagonga muhuri, akachukua simu kuwaita wajumbe. Lakini maghala yalikuwa matupu, wakulima wameshauza, wananiambia mama umechelewa, rudi msimu ujao. Nikarudi Oktoba 2021. Barua iliyochelewa wiki kumi na moja ikanila mwaka mzima kati ya mitatu niliyonayo. Nilipoomba mwaka huo usihesabiwe, nikajibiwa kwamba kanuni inaruhusu kusimamisha masomo kwa ugonjwa au uzazi, na ombi linatakiwa liwe limeletwa mapema. Ningejuaje mapema kwamba mtapoteza faili langu?

Nisije nikaonekana najisafisha. Mwaka 2022 nilijifungua, miezi minne sikuandika hata ukurasa mmoja, na sikuomba kusimamisha. Hiyo ni yangu, na ada ya mwaka wa kwanza wa nyongeza nililipa bila kunung'unika. Mwaka huo huo msimamizi wangu alifikisha miaka 65 akastaafu. Mzee alikuwa tayari kunimalizia hata bila malipo, ila kanuni ikataka ateuliwe mwingine. Uteuzi ukachukua miezi mitano, kwa sababu kamati ilikosa akidi mara mbili. Likizo yangu ya masomo ikaisha, nikarudi kazini kufundisha, tasnifu nikawa naiandikia usiku mtoto akilala.

Sasa hiyo Agosti 2023. Nimekabidhi. Naambiwa mtahini wa nje hupewa miezi mitatu. Septemba, Oktoba, Novemba, nikakaa kimya kwa adabu, maana tunaogopa kuonekana wasumbufu. Mnajua hofu hiyo: ukimuudhi mtu wa ofisini faili lako linashuka chini ya rundo. Januari 2024 nikashindwa, nikaenda. Mama mmoja mtunza kumbukumbu, Mungu ambariki, akafungua jalada langu mbele yangu. Barua ya kumteua mtahini wa nje ilikuwa mle ndani. Nakala halisi. Imesainiwa Septemba, ina muhuri, haikutumwa. Miezi minne mimi nasubiri ripoti ya mtu ambaye hajui hata kama nipo duniani.

Niliulizia kwa nini. Ofisa wa kwanza akasema ni kazi ya ndaki kutuma. Ndaki wakasema ni kazi ya kurugenzi. Wa tatu akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Mama, ungefuatilia." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Kufuatilia! Yaani kazi ya ofisi yenye wafanyakazi wanaolipwa mshahara haiendi mpaka mwanafunzi apande basi. Asiye na nauli afanyeje? Aliyeko Kigoma afanyeje? Ripoti ya mtahini ilifika Julai 2024. Jumla miezi 11. Mtahini mwenyewe aliitumia wiki saba tu tangu alipopokea kazi.

Utetezi nikafanya Oktoba 2024, nikapita kwa masahihisho madogo. Januari 2025 nikarudisha. Mtahini wa ndani wa kuthibitisha alikuwa safarini, sahihi ikapatikana Aprili, tarehe ya kupeleka majina seneti imeshapita, tukasubiri kikao kingine. Hayo sitayaeleza, mmeshachoka na mimi nimechoka.

Najua wapo watakaokuja hapa kusema wanafunzi wa uzamivu ndio wazembe, wanakimbilia kazi za ushauri na semina, kisha wanasingizia ofisi. Wapo, nawajua. Lakini tutajuaje mzembe ni nani kama hakuna mahali panapoandikwa faili lilikaa kwa nani siku ngapi? Mwanafunzi akichelewa siku moja mfumo unamtoza. Ofisa akichelewa miezi minne hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo.

Na gharama haiishii kwenye ada. Mimi ni mhadhiri msaidizi. Bila PhD sipandi kuwa mhadhiri, hilo limo kwenye muundo wetu wa utumishi na ni haki. Kwa hiyo kila mwezi faili linapolala, mshahara wangu nao umelala, ule ule ambao Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kwa deni la shahada ya kwanza. Kuna wenzangu walishaacha. Mmoja alikusanya takwimu zote, akaandika sura nne, akaambiwa muda wake umekwisha ajisajili upya. Sasa anauza pembejeo.

Halafu tujiulize: Serikali imechukua mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, na sehemu yake inasomesha wahadhiri uzamili na uzamivu. Vizuri sana, wasomeshwe. Lakini wanaosomeshwa hapa nchini watapita kwenye madawati haya haya, na muda wa ufadhili una mwisho wake. Majengo yanajengwa, maabara zinanunuliwa, barua ya kurasa mbili inalala kwenye jalada miezi minne.

Ninachodai si upendeleo. Kila nikikabidhi kitu nipewe karatasi yenye tarehe na muhuri, na jina la aliyepokea. Kila dawati lipewe idadi ya siku, ibandikwe mlangoni tuione. Siku zinazopita kazi ikiwa kwa chuo zisihesabiwe kwenye muda wangu wala kwenye ada yangu. Saa isimame. Mhasibu akifungua mfumo aone: huyu alikabidhi tarehe fulani, asitozwe. Mfumo unaoweza kutoa kontro namba kwa dakika mbili unaweza kuhesabu na hilo.

Milioni mbili na laki nne sitalipa kimya kimya. Nimetoa kopi ya barua ile ya Septemba yenye muhuri, nilipiga picha siku ile ile mbele ya yule mama. Ninayo stakabadhi ya kukabidhi tasnifu. Ninazo tarehe zote kwenye daftari. Kesho asubuhi napeleka barua kwa makamu mkuu wa chuo, nakala kwa kurugenzi na kwa mhasibu, na nitasimama pale mpaka daftari la dispachi lisainiwe.

Waliowahi kufutiwa deni la namna hii naomba mniambie: mlimwandikia nani, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanapokea malalamiko ya mwanafunzi mmoja mmoja au lazima chuo kijibu kwanza, na ilichukua muda gani? Orodha ya wahitimu inafungwa baada ya wiki tatu. Kama kuna aliye tayari kunionyesha barua aliyoandika akajibiwa, mlango wa ujumbe wangu binafsi uko wazi. Na wewe uliyekabidhi mwaka huu na unasubiri kwa adabu kama nilivyosubiri mimi, nenda wiki hii hii, omba jalada lako lifunguliwe mbele yako, uangalie barua ya mtahini kama imetoka.