Biashara ya mtandao: tuipige marufuku, tuiache, au tudai hesabu kwanza?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi na bila kuitana wavivu. Biashara ya mtandao, yaani ile ya kununua bidhaa za kampuni, kuziuza na kuingiza watu wengine chini yako ili upate kamisheni, ikitajwa tu, watu hugawanyika: hawa "ni upatu mtupu", wale "nyie hamna fikra za utajiri". Nimekaa ndani miaka miwili, nimetoka, na naona tunagombania jina huku hesabu imeachwa. Hoja yangu ni hii: mtu asitoe hata kiingilio kabla hajaonyeshwa kwa maandishi ni wanachama wangapi wa kampuni hiyo wanaobaki na faida baada ya kutoa gharama zao zote.

Nilikuwa na daftari. Upande wa kushoto niliandika kamisheni, upande wa kulia ulikuwa mweupe, kwa sababu kwenye semina zote hakuna aliyetufundisha kuujaza. Nilipoujaza mwishoni nikaandika ununuzi wa kila mwezi wa kuweka akaunti hai, ada ya mwaka, tiketi za semina, nauli, bando na sampuli nilizogawa bure. Kwa kila 100 iliyotoka mfukoni mwangu, ilirudi 31. Na nyingi katika hizo 31 zilikuwa kamisheni ya mzigo nilionunua mwenyewe, yaani pesa yangu ile ile, imerudi imepungua.

Kila tarehe 28 jioni ujumbe uliingia: "Umebakiza pointi 40 tu kufuzu, usiache bonasi ipotee." Unanunua. Bonasi inaingia, ndogo kuliko ulicholipa, na makopo yanaenda chini ya kitanda. Siku ya kuhama niliyatoa nikayapanga sakafuni. Kumi na moja yalikuwa yamepita muda wa matumizi, na lakiri hazijaguswa.

Msiseme ni mimi tu sikujituma. Septemba 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitoa ripoti baada ya kupitia taarifa 70 za mapato zilizotolewa na kampuni zenyewe. Katika taarifa hizo, wanachama walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, chini ya dola 84 kwa mwezi, na taarifa nyingi hazikuhesabu gharama. Katika kampuni zisizopungua 17, walio wengi hawakulipwa chochote kabisa. Tena taarifa nyingi zilikuwa zimewaacha nje ya hesabu watu wasiopata kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, lakini usitupake wote tope moja. Mimi nipo mwaka wa nne na sijafilisika. FTC hiyo hiyo mwaka 1979 iliamua kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si mpango wa piramidi, yaani ule unaolipa watu kwa kuingiza wengine badala ya kuuza bidhaa. Pia wengi hujiunga wapate bidhaa kwa bei ya punguzo tu, hawatafuti kipato, kwa hiyo ukiwaweka kwenye wastani lazima uonekane mdogo. Na biashara gani isiyoua mitaji? Mbona maduka yanafungwa kila siku?

Mleta mada

Ndugu yangu, nashukuru umeleta 1979, kwa sababu wengi huisoma nusu. Uamuzi ule ule uliikuta Amway na kosa la kutia chumvi kuhusu mapato. Na iliponea kwenye suala la piramidi kwa kuwa ilikuwa na kanuni: mzigo usiouzika unarudishwa, mtu awe ameuza asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kupata bonasi, na aonyeshe wateja kumi wa rejareja kwa mwezi. Naomba unijibu kwa uaminifu: kwenye timu yako, nani anakagua wateja hao kumi? Kwangu hakuna aliyewahi kuniuliza hata mmoja.

Hoja ya punguzo naikubali, ni ya haki. Basi hao waandikwe kama wateja, wasihesabiwe kama "wafanyabiashara" jukwaani. Herbalife, kampuni nyingine ya aina hii, ililazimika kutenganisha makundi hayo mawili ilipokubaliana na FTC mwaka 2016 na kulipa dola milioni 200.

Kuhusu duka, hapana. Muuza jumla hamwambii mwenye duka kwamba njia ya kupanda ni kuwafundisha majirani kumi wafungue duka lile lile mtaa ule ule.

Mchangiaji wa pili

Mimi nasema zifungwe. China mwaka 2005 iliruhusu uuzaji wa moja kwa moja lakini ikakataza malipo ya ngazi nyingi, yaani kulipwa kwa mauzo ya watu walio chini yako. Chukueni kalamu: kila mtu aingize watu watano, na wote wafanikiwe, hakuna mvivu. Ngazi ya kumi tu inahitaji watu 9,765,625. Na popote utakaposimamisha mti huo, zaidi kidogo ya asilimia 80 ya watu wako ngazi ya mwisho, hawana mtu chini yao. Bidii haibadilishi hesabu hiyo. Nani awe kwenye hiyo 80?

Mleta mada

Hesabu yako sina la kuipinga, na laiti ningeiona mapema. Ninachohofia kwenye marufuku ni kwamba watu wale wale watarudi kesho na jina jipya, na mwanachama atakuwa anajificha, hana pa kulalamika. Ningeanza na mawili: kamisheni itokane na mauzo kwa watu wa nje yenye risiti, na mapato yatangazwe baada ya gharama. Kampuni isiyoweza kuishi kwa masharti hayo ijifunge yenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Dada na kaka, mimi nimelipa miezi mitatu iliyopita. Maboksi manne yako chumbani, na aliyeniingiza ni binamu yangu. Nifanyeje sasa?

Mleta mada

Ndugu, usinunue tena ili "kukomboa" ulichokwisha kutoa. Soma mkataba, tafuta kifungu cha kurudisha mzigo: siku ngapi, wanarudisha asilimia ngapi, nani analipa usafirishaji. Maboksi ambayo hujayafungua usiyafungue. Andika maombi kwenda kampuni yenyewe, si kwa binamu, na tunza nakala. Binamu mwambie umesimama kwa sababu ya hesabu, mwonyeshe daftari, usimwite mwizi. Huenda na yeye ana maboksi chini ya kitanda.

Kama uliruhusu makato ya kila mwezi, sitisha hayo kwanza, leo, kabla ya tarehe yao.